Leseni ya Salesi na Ulimi wa Mjomba Feleti

Barua kutoka ofisi ya leseni ya jimbo, huko Sacramento, ilifika Jumanne. Salesi Lolohea aliisoma mara tatu akiwa amesimama jikoni na viatu vyake vya kazi, vumbi la mawe likimwagika sakafuni, jambo ambalo siku nyingine mkewe Losaline asingelivumilia hata dakika moja. Siku hiyo alivumilia, maana aliuona uso wa mumewe.

"Wamekataa?"

"Hawajakataa. Wanasema mimi ni saidia fundi."

"Nani?"

"Mimi."

Losaline akaangua kicheko. Alidhani anataniwa. Mtu wa miaka arobaini na sita, aliyejenga kuta za mawe zinazozuia udongo wa vilima kuanzia San Bruno mpaka Half Moon Bay, leo aitwe saidia fundi! Lakini Salesi hakucheka. Alimpa barua, akakaa kwenye kiti, na kiti kikalalamika kama kawaida yake, kwa sababu Salesi hakuwa mtu mdogo.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. California haikujali mikono yako ina ufundi gani. Kama huna leseni ya ujenzi ya jimbo, kazi yoyote ya maana utaifanya chini ya jina la mwenye leseni. Kwa miaka ishirini na miwili Salesi alikuwa mwashi chini ya jina la mjomba wake Feleti, mdogo wake marehemu mama yake, na hakuwahi kunung'unika. Ila sasa Mjomba Feleti alikuwa na miaka sabini na minne na mgongo uliokwisha, na Jumapili moja baada ya ibada alitangaza mbele ya kanisa zima kwamba Novemba anarudi kwao Ha'apai, katika visiwa vya Tonga kule Pasifiki, akafuge nguruwe na kula samaki wabichi. Leseni yake ilikuwa inaisha mwisho wa Oktoba, naye haihuishi tena, basi.

Hapo ndipo Salesi aliposhtuka. Kikosi chao kilikuwa na mafundi watano, yeye na binamu zake wanne. Bila leseni kingetawanyika, na yeye angeanza upya kwa wageni, akibeba mawe na kusubiri mtu amwone. Tena kulikuwa na ukuta wa kujenga kanisani. Kilima nyuma ya ukumbi wa kanisa la Watonga pale San Bruno kilianza kuporomoka tangu mvua za mwaka jana, kibali cha manispaa kilikuwa tayari, na wazee wa kanisa walikuwa wanangoja kitu kimoja tu, mwashi ambaye leseni yake haitaisha kazi ikiwa katikati. Walimtaka Salesi.

"Tutakusubiri mpaka wiki ya kwanza ya Novemba," mchungaji alimwambia. "Baada ya hapo, mwanangu, mvua zinaanza. Itabidi tumwite mwingine."

Kupata leseni kulikuwa na hatua mbili kubwa. Kwanza shahidi aape kwamba umefanya kazi miaka minne ukiwa fundi kamili. Halafu mtihani. Salesi aliuogopa mtihani mpaka akakonda kidogo. Kuhusu shahidi hakuwa na wasiwasi hata chembe, kwa kuwa shahidi alikuwa Mjomba Feleti, mwajiri wake na damu yake.

Sasa Losaline alikuwa ameshika nakala ya fomu ya mjomba, iliyorudishwa pamoja na barua. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma shule ya misheni. Akausoma kwa sauti.

"'Huyu ni mtoto wa dada yangu. Hajui mambo mengi. Hunisaidia kubeba mawe. Bado anajifunza. Samahani kwa kuwasumbua na karatasi hii.'" Akaweka kidole chini ya karatasi. "Salesi, na hapa chini ameapa! Ameapa mbele ya serikali kwamba mume wangu hajui kitu!"

Mtu aliyeishi na Watonga hawezi kushangaa. Mtonga atachinja nguruwe kumi na wawili kwa ajili yako, ajaze meza mpaka kitambaa kisionekane, kisha asimame akuombe radhi kwa makombo aliyokuandalia. Mama amesuka mkeka mwaka mzima, vidole vimeota sugu, ukiusifia atakwambia ni tambara la kufutia miguu. Na kumsifu mtu wa damu yako mbele ya wageni, loo, hiyo ni sawa na kutoka nje bila nguo. Mjomba Feleti alikuwa mtu wa heshima zake. Serikali ilipomuuliza habari za mpwa wake, alijibu kwa adabu, na kwa kuwa ni serikali akaongeza adabu.

Wala Salesi hakuwa na haki ya kumlaumu. Pale fomu ilipomtaka yeye mwenyewe aeleze kazi anazozimudu, alikuwa ameandika: "Nasaidia saidia."

"Nyie watu!" Losaline alisema, kana kwamba yeye alitoka Uswisi. "Nenda kwa mjomba wako sasa hivi. Na hivyo viatu nenda navyo."

Mjomba Feleti alikuwa barazani kwake East Palo Alto akimenya magimbi, redio ikiimba nyimbo za kanisa. Salesi akaketi kwenye ngazi.

"Mjomba, barua imekuja."

"Wamekupa?"

"Wanasema nimebeba mawe tu."

"Kwani hujabeba?"

"Nimebeba."

"Sasa uongo wangu uko wapi?"

Salesi akakuna kichwa. Kumwambia mkubwa kwamba amekosea si kazi ndogo. "Mjomba, hawa watu hawana desturi yetu. Wakisoma kwamba sijui mambo mengi, wanaamini."

Kisu kikasimama katikati ya gimbi. "Wanaamini?"

"Wanaamini neno kwa neno."

"Watu gani hao!" Mzee alishtuka kweli. Miaka thelathini Marekani na hakuwahi kufikiria jambo hilo. "Mtu anakwambia chakula chake kibaya, nawe unaamini ni kibaya? Si matusi hayo?"

"Ndivyo walivyo, Mjomba. Wametupa siku tisini tuandike upya. Na wanataka mwajiri yule yule, yaani wewe. Ungeandika tu kwamba mimi ni fundi."

Mjomba Feleti akarudi kwenye magimbi yake. Alimenya moja, akamenya la pili.

"Nisimame mbele ya serikali nimnadi mtoto wa dada yangu kama ng'ombe wa mnadani," alisema hatimaye. "Mama yako angesikia huko kaburini, angesema Feleti amekosa adabu uzeeni. Hapana, Salesi. Niombe kingine."

Na angempa chochote kingine. Kwa Watonga mtoto wa dada ana haki juu ya mali ya mjomba wake, achukue bila kuomba, na mjomba atabasamu. Salesi alipokuwa na miaka kumi na miwili huko Ha'apai alichukua nguruwe mnono kuliko wote katika zizi la mjomba, akamchoma na wenzake ufukweni, na Mjomba Feleti aliwapelekea chumvi. Lakini neno moja la sifa, hilo hakuwa nalo wa kumpa. Salesi aliendesha gari kurudi nyumbani ameinamia usukani, na kusema kweli alikuwa na hasira, hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani.

Ilibidi kesi iende kwa shangazi.

Shangazi Kalolaine, dada wa baba yake Salesi, alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini katika jiko la uwanja wa ndege, ambako aliwaamrisha wapishi wa mataifa kumi na mawili na hakuna aliyethubutu kumjibu. Hata bila jiko lile angekuwa mkubwa tu. Katika ukoo wa Kitonga shangazi ndiye wa juu, na upande wa mama hukaa chini ya upande wa baba. Aliita kikao Jumamosi asubuhi. Yeye alikaa kwenye kochi, Mjomba Feleti na Salesi mkekani, na Losaline mlangoni akijifanya anapanga vikombe.

"Feleti," shangazi alianza.

"Naam, dada."

"Lile gari lako la mizigo. Salesi akilitaka?"

"Achukue."

"Na mashine ya kukatia mawe?"

"Ni yake hiyo."

"Nguruwe?"

"Alishamla."

Losaline akadondosha kijiko kwa kicheko. Shangazi hakucheka.

"Neno moja zuri, je?"

Mjomba Feleti akatazama mkeka.

"Ebo! Tazameni mtu huyu! Gari atatoa, mashine atatoa, nguruwe ametoa. Neno, ambalo halina hata gharama ya stempu, limemkwama kooni kama mwiba wa samaki!"

"Dada, na wewe unajua. Ni adabu."

"Najua. Kwani mimi nimezaliwa Paris?" Shangazi akajipepea kwa barua ya Sacramento. "Sikwambii umsifu mtoto. Mtoto muache. Wape habari za kuta. Ukuta si mpwa wako. Ukuta una urefu, una kimo, una msingi. Utaandika habari za ukuta na hakuna atakayekucheka. Haya, inukeni, tunakwenda kuzitazama. Mimi nakaa mbele."

Wakaenda. Siku nzima waliranda, shangazi mbele na birika la chai mapajani, mjomba nyuma na daftari, Salesi akiendesha. Waliegesha gari mbele ya nyumba za watu, na wenye nyumba wakachungulia kupitia mapazia kuona mzee mwenye kofia ya majani akipapasa ukuta wao.

Mjomba Feleti hakuwa amekwenda kwenye kazi zile kwa miaka minane, tangu mgongo ulipomwangusha. Alikuwa akisaini karatasi, anapokea simu, anaagiza mawe. Sasa alikuwa anaziona. Pale Hillsborough alikuta ukuta wa mita arobaini uliopinda kufuata barabara, mawe ya kijivu yamefungana bila nafasi hata ya kupitisha kisu. Aliufuata kwa kiganja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Aliinama, akakagua tundu la kutolea maji. Akaomba chupa ya maji, akapanda kwa nyuma, akamimina kwenye kokoto zilizojazwa nyuma ya ukuta, akashuka kwa taabu na kungoja. Maji yakatoka kwenye tundu, safi, bila matope.

"Huu umelalia nyuma kiasi gani?" akauliza.

"Inchi moja kwa kila futi, Mjomba."

"Nani aliyeuchora mpindo?"

"Mimi."

"Hm," alisema mjomba, akaandika.

Huko Half Moon Bay aliuliza nani aliyechonga ngazi. Salesi akasema ni yeye. "Hm." Kule Belmont mti ulikuwa umeanguka juu ya ukuta, mti ukavunjika na ukuta upo. "Hm," mjomba alisema, ila hapo alivua kofia, akasimama kidogo. Salesi alimtazama kwenye kioo cha gari njia nzima ya kurudi, akitafuta kitu katika uso ule, na hakupata. Miaka ishirini na miwili, yote hiyo, hakuwahi kujua kama mjomba anaziona kuta zake kuwa nzuri au ni za kupitisha siku tu. Hakuwahi kuuliza. Huulizi kitu kama hicho kwetu.

Mjomba aliandika karatasi nne. Kuta kumi na saba, kila moja na mtaa wake, mwaka wake, urefu, kimo, msingi, aina ya mawe, kokoto na bomba la maji nyuma yake. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Shangazi aliisoma huku miwani ikimteleza puani, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Feleti, hujasema nani amejenga."

"Si watajua?"

"Watajuaje, waote ndoto?"

"Dada, nimefika hapo nilipoweza kufika," mjomba alisema kwa unyonge, na shangazi kwa mara ya kwanza akamwonea huruma. Karatasi zikatumwa hivyo hivyo.

Wiki tatu baadaye ofisi ya leseni ilituma taarifa kwamba afisa atampigia shahidi simu Jumatano saa nne asubuhi. Mjomba Feleti hakula chakula cha jioni Jumanne. Jumatano alivaa shati jeupe na mkeka wa kiunoni, ule ambao Watonga hujifunga juu ya nguo kwendea ibada, kwa ajili ya simu. Shangazi na Losaline walikuwapo nyumbani kwake. Salesi naye alikuja, rangi imempotea, akitaka kukaa pembeni ya simu.

"Wewe toka nje," shangazi akamwamuru. "Mtu hakai kusikiliza akisemwa. Nenda kamwagilie ile migomba."

Akatoka. Lakini migomba ilikuwa chini ya dirisha la jikoni, dirisha lilikuwa wazi, na shangazi alilijua hilo.

Simu ikalia. Waliweka spika. Afisa alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akajitambulisha kuwa Bi Hargrove.

"Bwana Feleti, nimesoma habari za kuta zako. Kazi nzuri kweli kweli."

"Ah, ni mawe tu yamepangwa pangwa," mjomba akajibu haraka. Salesi alifumba macho.

"Nataka kujua habari za Bwana Lolohea. Je, ana uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa?"

Salesi aliisikia saa ya ukutani.

"Anajitahidi kidogo," mjomba alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Ndani, shangazi aliuma kitambaa chake. Nje, maji yalikuwa yanajaa kwenye viatu vya Salesi na hakuwa na habari. Basi ndiyo yamekwisha, aliwaza. Akaona mvua, akaona kilima cha kanisa, akaona kikosi cha mtu mwingine kikichimba msingi pale.

Karatasi zikasikika zikipekuliwa upande wa pili. Bi Hargrove hakuwa na haraka. Labda alikuwa amechoka na majibu yale, labda alikuwa mwerevu tu, hatutajua. Akageuza swali.

"Sawa. Tuache habari za mpwa wako. Hebu niambie wewe, Bwana Feleti. Katika kuta hizi kumi na saba, wewe ulifanya kazi gani?"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

Na hapo, jamani, mlango ukafunguka. Kwa sababu adabu iliyomkataza mzee kumpandisha mpwa wake ndiyo iliyomtaka ajishushe mwenyewe, na kujishusha alikuwa bingwa.

"Mimi sikufanya kitu, mama," alisema. "Mimi ni mzee mvivu mwenye mgongo mbovu. Miaka minane sijashika nyundo. Nakaa barazani nasikiliza redio. Karatasi zina jina langu, ila kwa kweli ni aibu. Ule wa Hillsborough, mpindo ule, mimi nisingeuweza hata ujanani, nisikudanganye. Mimi kuta zangu zilikuwa zimenyooka tu kama jeneza. Ngazi za Half Moon Bay sikujua zipo mpaka juzi. Belmont mti umeanguka juu yake! Mti mzima! Ningekuwa nimejenga mimi, mwenye nyumba angekuwa anazoa mawe mpaka leo. Mimi mchango wangu ni kupokea simu, na simu yenyewe nasikia kwa sikio moja."

"Kwa hiyo nani aliyechora, aliyeweka msingi, aliyewasimamia mafundi?"

"Si huyo mtoto wa dada yangu! Nani mwingine? Mimi nilikuwa nimelala!"

"Kwa miaka minane yote?"

"Minane. Na kabla ya hapo mitano nilikuwa namwonea aibu, maana alikuwa ameshanipita, nikawa najifanya natafuta miwani ili aanze yeye." Mzee akashusha sauti. "Sijawahi kumwambia. Usije ukamwambia, tafadhali."

"Sitamwambia," alisema Bi Hargrove, na ilisikika kwamba anatabasamu. "Asante, Bwana Feleti. Umenisaidia sana."

Simu ilipokatika tu, Shangazi Kalolaine alitupa kitambaa hewani akapiga kigelegele kilichofika mtaa wa pili. Losaline alimkumbatia mjomba mpaka mkeka ukamlegea kiunoni. Na nje, chini ya dirisha, jitu lile la kunyanyua mawe ya kilo mia lilikuwa linalia kama mtoto, limeshika mpira wa maji, likimwagilia ukuta badala ya migomba.

Hakuna aliyemwambia Salesi kitu, na yeye hakusema amesikia. Ndivyo inavyotakiwa.

Kibali cha kufanya mtihani kilikuja baada ya siku tisa. Sehemu ya uashi haikumtisha. Ile ya sheria na biashara ndiyo ilimpa homa. Losaline alimhoji kila siku akipika, mwiko wa ugali wa mihogo mkononi, na akikosea alichapwa nao begani. Siku yenyewe shangazi akaamuru avae mkeka wa kiunoni, kwa kuwa huendi mbele ya serikali kiuno kitupu. Mlinzi wa chumba cha mtihani, aliyezoea kukagua mifuko na saa, aliuzunguka ule mkeka mara mbili asijue aanzie wapi.

"Bwana, hii ni nini?"

"Heshima," Salesi akamjibu.

Mlinzi akafikiri, akampitisha.

Saa tano baadaye Salesi alitoka na karatasi imekunjwa, uso hauna habari. Losaline alikuwa kwenye gari, kucha zimekwisha.

"Vipi?"

"Ah, nimejaribu jaribu tu. Bahati tu, watahini hawakuwa makini."

Losaline, aliyeishi naye miaka ishirini, alijua hapo hapo kwamba amefaulu sehemu zote mbili. Alipiga honi mpaka mlinzi akatoka nje kutazama.

Zikabaki alama za vidole, dhamana, ada, zile karatasi za kungojea. Leseni iliingia zikiwa zimebaki siku sita Oktoba iishe. Leseni ya uashi, Salesi Lolohea, na namba yake. Kanisa zima lilikula Jumapili hiyo, nguruwe kutoka kwenye tanuri la shimoni, magimbi, majani ya magimbi yaliyopikwa na tui la nazi na nyama ya kopo, na shangazi akasimama kuomba radhi kwa chakula kidogo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kwani habari za simu zilikuwa zimeshawafikia wote isipokuwa, kwa heshima, Salesi.

Jumatatu ya kwanza ya Novemba, saa moja asubuhi, kikosi kilikuwa nyuma ya ukumbi wa kanisa. Mtaro wa msingi ulikuwa tayari, zege limekauka, lori la mawe limeshusha mzigo. Jua lilikuwa linatoka bila wingu hata moja. Salesi alikuwa anavuta kamba aliposikia mlango wa gari ukibamizwa.

Mjomba Feleti alikuwa anapanda mteremko. Alivaa viatu vya kazi na glavu za ngozi zilizokakamaa. Binamu wote wanne waliacha kazi.

"Mjomba, ndege yako si Alhamisi?" Salesi alisema. "Rudi ukafunge mizigo."

"Mizigo imefungwa."

"Na mgongo?"

"Mgongo ni wangu."

Mzee alifika, akahema, akatazama mtaro, akatazama kamba, akatazama lundo la mawe. Kisha akasimama mbele ya mpwa wake mikono ikiwa imening'inia, kama kibarua anayengoja kupangiwa kazi.

"Bosi," alisema. "Nianzie wapi?"

Ulimi wote wa Salesi, adabu yake yote tangu utotoni, vilitaka kusema mimi nani nikupangie wewe kazi. Karibu aseme. Lakini aliona uso wa mzee, akaona kwamba hakuja kutaniwa wala kubembelezwa. Alikuja kufanya kazi.

"Jiwe la kona, Mjomba," alisema. "Liweke wewe."

Mjomba Feleti alizunguka lundo kwa muda mrefu. Alichagua, akageuza, akalikataa, akachagua jingine. Binamu wawili walimsaidia kulinyanyua, lakini kuliketisha aliliketisha peke yake, amepiga magoti kwenye chokaa, akiligonga kwa mpini wa nyundo huku na huku, akilisikiliza. Ilichukua karibu nusu saa. Halafu akainua kichwa, jasho likimtiririka chini ya kofia.

"Njoo ulikague. Limekaa?"

Salesi alipiga magoti kando yake. Aliweka pima maji juu, akaweka kwa ubavu. Alilisukuma jiwe kwa kiganja, kisha kwa bega. Halikutikisika. Akamtazama mjomba wake machoni, mbele ya binamu wote, akasema kitu ambacho katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake usoni.

"Limekaa vizuri, Mjomba. Vizuri sana. Hakuna anayeliweka jiwe kama wewe."

Mzee akageuzia uso upande wa barabara. Alivua glavu moja, akajifuta macho kwa kiganja, akaivaa tena.

"Haya, leteni la pili," alisema. "Jua linapanda."